Sahani Pana, Samaki Mwenye Adabu

Tangu mpishi Nobu Matsuhisa na mwigizaji Robert De Niro wafungue mgahawa wao New York mwaka 1994, mapishi ya Kijapani yenye mkono wa Peru yamepata waigaji wengi, nao wanastahili sifa zao.

Katika migahawa ya waigaji hao, mteja huwekewa sahani pana kama sinia la pilau ya harusi. Katikati vimelala vipande vitatu vya samaki mbichi, kila kimoja na kijiduara cha pilipili. Palipobaki ni mandhari. Makumbusho hutoza kiingilio na bado hukataza kugusa. Hapa ruhusa ya kumeza imo ndani ya bei.

Wasabi, kiungo kikali ambacho mara nyingi ni mzizi mwingine uliotiwa rangi ya kijani, huwaliza wote kwa usawa, mwenye pesa na mwenye mkopo.

Daktari akimwambia mtu apunguze kula, humwacha aende hivihivi. Mhudumu wa hapa humwashia na mshumaa, kisha hupokea bakshishi ya asilimia 20.