Brahma Mjini Kasese: Maelekezo kwa Aliyeuziwa Kuku Mwenye Suruali

Umeshanunua, kwa hiyo hatutagombana. Una jogoo na majike wawili aina ya Brahma, manyoya yamewashuka miguuni mpaka kidole cha nje, na aliyekuuzia amekuapia kwamba hao ndio kuku wa baridi. Hakusema uongo. Alichonyamazia ni kwamba mji wa Kasese uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kilomita kama 20 tu kutoka ikweta, na mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 30 bila kumwomba mtu radhi.

Usione haya, wakubwa walitangulia kuingia mtego huu. Mwaka 1852 Mmarekani mmoja, George Burnham, alimpelekea Malkia Victoria kuku tisa wa aina hii kama zawadi, habari zikaenea, na bei ikapaa. Kilembwe wa malkia huyo ndiye aliyeachia jina lake mbuga ya wanyama iliyo mlangoni mwa Kasese. Tembo wa mbuga hiyo, angalau, hawahitaji kuoshwa miguu.

Kwanza tafuta baridi yenyewe iko wapi. Theluji tunayo, ila iko juu kabisa ya Rwenzori, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na huko hakuna anayefuga kuku. Kwa hiyo maelekezo ya Ulaya kuhusu panga za jogoo kuganda na vyombo vya maji vyenye umeme yapitie haraka. Baridi yako ni ile ya Kilembe na ya vilima vya juu ya Bwera, usiku wa mvua za Aprili au Oktoba, ukungu umeshuka na bati linavuja upande ule ule uliosema utauziba. Kuku mkavu baridi hiyo haimsumbui, anajikunja juu ya miguu yake na kulala. Kuku aliyelowa miguu ni habari nyingine.

Wanasayansi waliochunguza vinasaba vya kuku hawa wamekuta kwamba jeni iitwayo TBX5, ambayo kazi yake ya kawaida ni kutengeneza bawa, inafanya kazi mguuni pia. Maana yake umenunua ndege wa mabawa manne, mawili yakiburuzwa matopeni. Kuku wa kienyeji wa jirani hukanyaga tope, akajikung'uta, akaenda zake. Wako analibeba mpaka ndani, analala nalo, na asubuhi analipaka mayai.

Basi jioni mvua ikikatika, mshike jike mmoja, mgeuze, mulika kwa tochi ya simu. Kati ya vidole utakuta donge la tope lililoshikana na mavi na vipande vya nyasi, limekaza manyoya, na chini yake ngozi imekuwa nyeupe na teketeke. Mkono utakuwasha ulivute. Usilivute. Nyoya changa lina damu ndani ya bua lake. Likikatika linatona, na kuku wenzake wakiona damu hawana udugu, watadonoa mpaka kidole kiharibike. Chukua beseni, maji ya uvuguvugu, mtumbukize miguu dakika kumi hivi, donge lilainike, ulichambue polepole kwa vidole. Halafu kausha kwa kitambaa na umweke kwenye boksi pembeni mwa jiko mpaka manyoya yakauke hadi kwenye shina. Ukimrudisha bandani usiku akiwa mbichi, heri ungemwachia tope lake.

Ukiwa umemshika, papasa magamba. Utitiri wa miguu huingia chini ya magamba ukayainua, na kwa kuku wa kawaida hata mpita njia huuona. Kwa Brahma umefichwa na suruali, utajua siku atakapochechemea. Dawa ya nyumbani ni kumpaka vaselini au mafuta ya kupikia, kila baada ya siku chache, kwa wiki kadhaa. Mzee mmoja wa mtaani atakushauri oili chafu ya bodaboda. Mshukuru, wasingya, muzee, na uiache oili kwenye bodaboda.

Chini weka maranda ya mbao au makapi makavu ya kahawa. Yashike kiganjani uyaminye: yakibaki donge, yatoe yote. Chombo cha maji kiinue kifike usawa wa mgongo wa kuku, la sivyo watajimwagia wenyewe. Kitulio kiwe cha chini na kinene, maana jogoo huyu anaweza kufika kilo tano, na akiruka kutoka juu kila asubuhi ataota jipu la unyayo.

Ukitaka kuwaua wote kwa usiku mmoja, ziba kila tundu na uwashe sigiri ya mkaa ndani. Banda linataka hewa ipite juu ya vichwa vyao. Wakionekana kutetemeka, wape mahindi jioni, wayameng'enye wapate joto. Na banda lisiwe bondeni kwa Nyamwamba. Mto huo ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na haukuuliza kuku wa nani.

Ukiamua kuwauza, siku ya kuwapeleka Bwera usiwafunge miguu kwa kamba ya mgomba na kuwaning'iniza kwenye usukani kama wenzao. Vinyoya vya damu vitakatika kabla hujafika Kikorongo. Watie kwenye tenga. Sokoni Mpondwe mama wa mihogo atakuuliza, "Mwanangu, huyu anaenda harusini?" Cheka naye, kisha tafuta mteja kutoka ng'ambo ya mpaka. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, na ukipanda kuelekea Butembo na Lubero utakuta baridi inayostahili manyoya hayo. Tatizo ni kwamba kuku anayevuka mpaka anatakiwa awe na cheti cha daktari wa mifugo, na wewe huna hata risiti.

Usipouza, mfungie jogoo. Akitoka mara moja inatosha, maana manyoya ya miguuni hurithiwa hata kwa mzazi mmoja. Miezi michache baadaye mama jirani atakuja na kifaranga kiganjani, kimeota nywele vidoleni, akuulize ni ugonjwa gani huo na kama unaambukiza. Mwambie hauambukizi. Akiuliza umetoka wapi, mkaribishe chai.