Jinsi ya Kumwandikia Tajiri wa Malori Programu na Kubaki na Chako

Tajiri wa Tunduma akikuita "mwanangu" kabla hujamtajia bei, kaa mkao wa biashara. Mtu huyuhuyu haruhusu kontena livuke mpaka kwenda Nakonde, Zambia, bila rundo la nyaraka zilizogongwa mihuri, ila programu ya kufuatilia malori yake anataka mmalizane kwa soda na kupeana mikono. Mwamkie vizuri: "Shikamoo, mzee." Akishaitikia, mwombe karatasi.

Atasema wazo ni lake. Mkubalie bila ubishi, maana wazo halilindwi na hakimiliki, liwe lake au la jirani yake. Kinacholindwa ni msimbo wenyewe, ile mistari uliyokesha ukiiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inaiweka programu ya kompyuta kwenye kundi la kazi za maandishi, pamoja na vitabu. Ulinzi unaanza ukishaandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni hiari, ingawa husaidia sana siku ya ugomvi. Haki hizo zinadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa, kwa hiyo unawapigania hata wajukuu.

Atasema amelipa. Hapo mwoneshe ng'ambo ya geti la mpaka. Forodha ya Zambia inatumia ASYCUDA, programu iliyotengenezwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa. Maofisa wanaitumia kila siku, na kuitumia hakujawafanya wenye msimbo. Ruhusa ya kutumia ni bidhaa moja, hakimiliki ni nyingine, na bei zake hazilingani. Kijana anayeuza ya pili kwa bei ya kwanza ananiuma moyo.

Ukiwa umeajiriwa, soma mkataba kabla ya kutia sahihi: mkataba usiposema vingine, faida ya kazi uliyotumwa kuifanya huenda kwa mwajiri. Kwa hiyo programu yako binafsi, tuseme ya kupimia kahawa ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Mbozi, iandike kwenye kompyuta yako, kwa saa zako. Oda ikitoka Nairobi, ongeza macho: sheria ya Kenya ya 2001 inamhesabu aliyeagiza kazi kuwa amehamishiwa haki, msipopatana vingine.

Karatasi itaje nani anabaki na msimbo, utumike ofisi ngapi, na kama tajiri anaweza kumuuzia shemeji yake wa Mbeya. Vipande ulivyochukua bure kwenye intaneti viorodheshe na leseni zake, maana huwezi kuviuza kama vyako. Tieni sahihi nyote wawili, andikeni tarehe, ndipo ufungue kompyuta.