Sifa za Barua ya Kufuta Bima

Washairi wamesifu mwezi, bahari na wali wa nazi, wala sijamwona aliyeinua kalamu kuisifu barua ya kampuni ya bima inayomjulisha mwenye gari, ilhali gari lenyewe limelala gereji Gerezani, boneti imekunjamana na taa moja inaning'inia kwa waya, kuwa bima yake kubwa imefutwa. Nami naona ni dhuluma fadhila zake kupita bila ya shahidi.

Adabu yake ni kamili. Humwita "Mheshimiwa Mteja" mtu yule yule ambaye siku ya kulipa ada aliambiwa akae kwenye benchi angoje.

Ina pia ilimu ya ghaibu. Mwaka mzima kampuni haikuona ila katika gari wala katika mwenyewe, stika ikatolewa na ada ikapokewa kwa bashasha. Lakini dai la fidia likishawasilishwa, fomu ya maombi, ile aliyoijaza wakala kwa haraka na mwenye gari akatia sahihi tu, hufunuliwa upya, na mara hudhihiri kuwa gari lilipata kubeba abiria wa kulipa.

Karama yake kubwa, hata hivyo, ni mamlaka juu ya wakati. Huandikwa Ijumaa, nayo huiamuru ajali ya Jumatatu iliyopita iwe haikuwa na bima. Masharti ya kawaida ya mikataba hii huipa kampuni haki ya kufuta bima kwa notisi, aghalabu ya siku 7, na kurudisha ada ya siku zilizosalia. Haki hiyo hutazama siku zijazo, na hasara iliyokwisha kutokea haiifikii. Anayetaka kurudi nyuma hana budi kuthibitisha kuwa mteja alificha au alisema uongo katika jambo lenye uzito, ndipo mkataba ubatilike tangu shina lake. Barua yetu, kwa ukarimu, huyachanganya mambo haya mawili katika aya moja, kisha huambatisha hundi ya ada iliyorudishwa, ambayo mteja akikimbia nayo benki huenda akaja kuambiwa kuwa aliridhia.

Tena hupenda kutaja nia njema kamilifu, yaani kutofichana jambo lenye uzito, kanuni iliyopata umaarufu kwa hukumu ya Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766, katika kesi ya ngome ya Sumatra iliyotekwa na Wafaransa. Haitaji, pengine kwa haya, kuwa siku hiyo aliyeshinda ni mwenye bima, na kwamba jaji alisema nia njema inazifunga pande zote mbili.

Kwa barua hii watu waliokuwa hawajapata kusoma hata ukurasa mmoja wa mkataba wao wamekuwa wanazuoni, wakadai kifungu na ushahidi, na wasiporidhika na jibu la kampuni, hapa Tanzania, wakabisha hodi kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ni zao la Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Basi, msomaji, ikikufikia, ihifadhi pamoja na bahasha yake, hundi usiiguse kwanza, na uijibu kwa maandishi kwa suala moja: bima ilifutwa tarehe ipi, na ajali ilitokea tarehe ipi?