Mwongozo wa Fundi Mvivu wa Kumbi za Chuo

Fundi mwenzangu, sogea karibu tuambizane. Projekta itakufa. Itachagua saa mbili na robo asubuhi, ukumbi umefurika, mkuu wa idara ameketi mstari wa mbele na mgeni wake. Hilo huna uwezo nalo. Mhadhiri naye habadiliki: hatasoma maelekezo uliyobandika ukutani, hatafika mapema kujaribu waya, wala hatakiri mbele ya wanafunzi wake kwamba hajui abonyeze wapi. Usimlaumu. Nani akiwa na tai shingoni anapenda kuonekana hajui?

Basi acha kupigana na mitambo na binadamu kwa wakati mmoja. Jifunze uvivu wenye mpango. Panga ukumbi wako uharibike bila kumwaibisha mtu, na somo liendelee. Hatua zenyewe ni hizi.

1. Sanifu ukumbi mmoja, kisha nakili

Ukiwa na kumbi ishirini na aina kumi za projekta, una kazi kumi. Ukiwa na aina moja, una kazi moja. Rimoti ileile, waya upande uleule wa meza, swichi ya spika mahali palepale. Mhadhiri akijua ukumbi mmoja, amezijua zote, na wewe spea moja kabatini inakutosha kuokoa jengo zima.

Adui yako hapa ni zabuni ya kila mwaka, maana kila mwaka mzabuni mwenye bei ya chini huja na mashine mpya usiyoifahamu, na taratibu za ununuzi wa umma hazikuruhusu kuandika jina la kampuni uipendayo. Njia ya mkato ipo, nayo ni halali: kusanya kumbi nyingi kwenye zabuni moja, na spea zake uziandike humo humo. Ukisubiri kuomba spea baadaye, utaambiwa bajeti imefungwa.

2. Kaa siti ya mwisho

Usipime picha ukiwa umesimama mbele. Nenda nyuma kabisa, ukae. Kanuni ya fani ni nyepesi: kwa maandishi ya kusomwa, aliye mbali zaidi asiwe mbali kupita mara sita ya kimo cha picha. Ukumbi ambao siti ya mwisho iko mita 18 kutoka kwenye skrini unataka picha yenye kimo cha mita 3. Picha ikiwa ndogo kuliko hapo, wa nyuma wanaona madoadoa.

Huna hela ya skrini kubwa? Tundika televisheni mbili kwenye kuta za pembeni, katikati ya ukumbi. Na hizo zikishindikana, funga kamba mistari mitatu ya mwisho. Watalalamika wiki moja, kisha watasoma.

Kabla hujaomba projekta yenye mwanga mkali zaidi, angalia taa. Ili maandishi yasomeke bila kukodoa macho, sehemu nyeupe ya picha iwe na mwanga usiopungua mara 15 ya sehemu nyeusi. Taa zilizo juu ya skrini ndizo zinazoharibu hesabu hiyo. Mwite fundi umeme azitenge kwenye swichi yake peke yake, kisha weka pazia zito kwenye dirisha la jirani. Umepata projekta mpya kwa bei ya swichi na kitambaa.

3. Sauti itangulie picha

Picha ikipotea, mwalimu mzuri anaendelea. Sauti ikipotea, somo limekufa na waliokaa nyuma wanafungua simu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye sauti.

Simama katikati ya ukumbi upige kofi moja. Ukisikia mlio unatembea ukutani na kurudi, tatizo lako ni saruji, vigae na vioo. Katika darasa dogo mwangwi haupaswi kuzidi sekunde 0.6. Kuongeza sauti ya spika kunaongeza na mwangwi, hivyo punguza kwanza: mapazia mazito, na mbao laini za matangazo zilizovikwa kitambaa kwenye ukuta wa nyuma. Watu watadhani umepamba ukumbi. Waache wafurahi.

Spika ndogo nyingi karibu na masikio zinashinda mbili kubwa mbele. Zipange zote zielekee wasikilizaji, mbele ya mahali anaposimama msemaji. Zikiwa nyuma yake, maikrofoni itasikia spika, spika itasikia maikrofoni, na ukumbi utapiga yowe.

Utakutana na yule asemaye, "Mimi sihitaji kipaza sauti, sauti yangu ni kubwa." Usibishane. Mwambie, "Profesa, leo una vipindi vitatu, tuitunze hiyo sauti." Atakipokea mwenyewe. Na umesema kweli, maana walimu huumia koo kwa kazi hii.

4. Kitufe kimoja, kubonyeza kumoja

Projekta ya taa huchelewa kuwaka. Mhadhiri hubonyeza, haoni kitu, hubonyeza tena, halafu tena kwa hasira. Mashine nyingi hupokea mibonyezo hiyo kama amri ya kuzima. Taa ikizimwa ikiwa moto, projekta inakataa kuwaka mpaka ipoe, na dakika hizo mbele ya wanafunzi mia tatu ni ndefu mno.

Dawa ni karatasi moja yenye herufi kubwa pembeni ya swichi: BONYEZA MARA MOJA. HESABU HADI 60. Usiandike sentensi ya tatu. Maelekezo ya ukurasa mzima hayasomwi na mtu aliyesimama mbele ya watu, kwa sababu kuyasoma ni kukiri.

5. Toa kafara kipande cha mwisho

Waya haufi katikati, unafia kichwani, pale unapochomekwa na kuvutwa kila siku. Basi usimpe mhadhiri waya wako wa thamani. Mpe mkia.

Ndani ya ukuta pitisha kebo ya mtandao yenye visanduku vya HDBaseT kila upande. Hiyo hubeba picha hadi mita 100. Waya wa kawaida wa HDMI huanza kusumbua ukikaribia mita 15, na kwa picha kali zaidi husumbua mapema kuliko hapo. Mezani acha kipande kifupi cha mita 2, kichomekwe kwenye soketi. Hicho ndicho watu watakanyaga, watapinda na kuondoka nacho. Weka vingine stoo. Ukibadilisha mkia, umemaliza kazi bila kupanda ngazi.

Adapta zote zifunge kwenye pete moja, na pete uifunge mezani kwa waya wa chuma: ya USB-C, na ya VGA pia, mfumo wa mwaka 1987 ambao bado una wazee wake chuoni. Adapta isiyofungwa huwa ya mtu kabla ya Ijumaa.

Kompyuta ikikataa kutoa picha, chomoa, subiri kidogo, chomeka tena. Mara nyingi kompyuta na projekta zilikuwa hazijasalimiana vizuri kuhusu ukubwa wa picha. Ikigoma bado, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili. Fanya hivyo taratibu, mgongo ukiwa kwa wanafunzi, huku ukimwambia mhadhiri, "Ilikuwa inajiandaa tu."

6. Uogope umeme unaporudi

Umeme kukatika ni nusu ya balaa. Nusu nyingine ni unaporudi kwa kishindo. Kila projekta na kila amplifaya ipite kwenye kifaa cha kulinda volteji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu moto. Projekta ya taa iongezee UPS ndogo, kwa sababu umeme ukikatika feni husimama wakati taa bado inaunguza. Dakika chache za betri zinatosha kuipoza.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua ya leza. Piga hesabu mbele ya mhasibu: saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 30 za masomo, ni saa 1,200 kwa mwaka. Taa ya saa 3,000 inakwisha katika miaka miwili na nusu. Leza nyingi zimekadiriwa saa 20,000. Mhasibu asiyejali picha anajali hesabu hiyo.

Kisha usafi. Dodoma ni vumbi, Mombasa na Unguja ni chumvi ya bahari. Kichujio cha hewa kipulizwe kila mwezi, na vichwa vya waya vya pwani vikaguliwe kutu. Projekta nyingi zinazosemekana zimekufa zinakosa pumzi tu.

7. Maikrofoni isiyo na waya haina rafiki

Weka betri mpya kila asubuhi, hata za jana zikionekana nzima. Za jana zipeleke kwenye rimoti na saa za ukutani, zitaishi huko miezi. Hakuna kilichopotea, na hakuna mhadhiri aliyekatika sauti katikati ya sentensi.

Ukinunua maikrofoni mpya, uliza masafa. Tanzania ilianza kuzima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikakamilisha 2015, na masafa ya 700 na 800 MHz yakaelekezwa kwenye mitandao ya simu. Maikrofoni ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa masafa hayo ya zamani itagombana na simu za ukumbi mzima. Na siku zote acha maikrofoni moja ya waya mezani. Haipendezi, lakini haijui betri wala masafa.

8. Tafuta jeshi la siri

Huwezi kuwa kwenye kumbi ishirini saa mbili asubuhi, lakini mwakilishi wa darasa, yaani CR, yupo katika kila darasa. Mwite kila CR mwanzoni mwa muhula, umfundishe mambo matatu: kuwasha kwa kubonyeza mara moja, Windows na P, na kubadilisha mkia. Mpe namba yako ya simu.

Kijana huyo atajiona mkuu wa mitambo, na ni kweli amekuwa. Mhadhiri atakubali msaada wa mwanafunzi wake haraka kuliko wako, kwa sababu huo atauita ushirikishwaji.

9. Usiung'oe ubao

Mtu yeyote akipendekeza ubao utolewe ili skrini ikae katikati, simama upinge. Skrini ikae upande mmoja, ubao upande mwingine, na kwenye droo kuwe na chaki au kalamu za ubao zenye wino. Washauri wahadhiri wabebe slaidi zao kwa PDF kwenye flashi, ili kompyuta yoyote izifungue bila kuharibu herufi.

Halafu jiwekee sheria ya dakika mbili. Usiporekebisha ndani ya dakika mbili, acha. Mwambie mhadhiri aendelee ubaoni, wewe urudi kipindi kikiisha. Fundi anayechokonoa waya nusu saa mbele ya darasa amewanyima somo watu wote wawili: mwenye kusema na mwenye kusikiliza.

10. Beba lawama, andika ukweli

Kosa likitokea, usiseme kamwe, "Umebonyeza vibaya." Sema, "Hii mashine ina tabia hiyo." Lawama haina uzito, na mhadhiri uliyemsitiri leo atakutetea kwenye kikao cha bajeti kesho.

Ila kwenye daftari lako andika ukweli mtupu: tarehe, ukumbi, kilichoharibika, kilichosababisha, dakika zilizopotea. Mwisho wa muhula zidisha. Wanafunzi 300 wakikaa dakika 20 bila somo, zimepotea saa 100 za masomo. Peleka jumla hiyo kwa wakubwa badala ya kupeleka malalamiko. Bajeti husikiliza hesabu iliyoandikwa.

Ukifuata haya yote hutapongezwa, kwa sababu hakuna atakayeona umefanya kitu. Mhadhiri atasema amefundisha vizuri leo. Mkubali, amefundisha vizuri. Lakini aliyekaa siti ya mwisho amelipa ada sawa na aliyekaa ya kwanza, na haki yake ya kusikia na kusoma iko mikononi mwako kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote chuoni. Kesho ingia ukumbini kabla ya saa mbili, ukae kwenye siti hiyo, uwashe kila kitu, na uanze kazi na kile usichokiona au usichokisikia.