Na Nani? Mwongozo wa Kumkamata Mtenda Aliyejificha

Kabla hujafungua kitabu cha sarufi ya Kiingereza, tafuta ng'ombe. Mwache ajipenyeze kwenye shamba la jirani mwezi wa Julai, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu, kisha ungoje kesi ifike kwa chifu. Kwa saa moja pale utaielewa kauli ya kutendwa zaidi kuliko nilivyowahi kuieleza ubaoni kwa muhula mzima.

Mimi mwenyewe niliielewa hivyo. Kwenye baraza moja huku Kachibora, Trans Nzoia, mwenye ng'ombe alisimama, akavua kofia, akasema kwa upole, "Chifu, ni kweli, mahindi ya mama huyu yameliwa." Akaketi. Watu wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba kesi imekwisha. Ndipo mwenye shamba, kukhu mmoja, yaani nyanya, aliyekuwa ameegemea mkongojo wake, akauliza: "Yameliwa na nani, mwanangu?"

Lishike swali hilo, kwa maana mwongozo huu wote unalitegemea.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hukutana na kauli ya kutendwa katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE, kwenye zile alama 15 za sarufi. Tumezoea kumkaririsha kanuni hadi zimtoke puani. Afadhali umpeleke stegi. Sentensi ni matatu ya Kachibora kwenda Kitale. Katika "The cow ate the maize", ng'ombe amekaa mbele na dereva, mahindi yako kiti cha nyuma. Ukitaka kutendwa, waambie wabadilishane viti: "The maize was eaten by the cow." Mahindi yamekuja mbele, ng'ombe amerudi nyuma, na huko haruhusiwi kuketi bila tikiti iitwayo "by". Katikati yao husimama makanga, ambaye ni kitenzi "be", na ndiye anayejua saa. "Is eaten" ni kila msimu. "Was eaten" ni jana. "Has been eaten", tumefika tumechelewa. "Is being eaten", chukua fimbo ukimbie sasa hivi. Kitenzi kikuu nacho huvaa umbo lake la tatu na hakibadilishi nguo tena: eat, ate, eaten. Anayeandika "was ate" amekivalisha shati la mwenzake.

Hakikisha pia kwamba kuna abiria wawili. "Happen" na "die" husafiri peke yao, hawana wa kubadilishana naye kiti, na ndiyo sababu "The accident was happened" haiondoki hata stegi.

Ng'ombe asipokata tikiti, matatu huondoka bila yeye. "The maize was eaten." Sentensi imekamilika na mwalimu ataitilia tiki. Nitairudia, kwa kuwa hapo ndipo kuna jambo lililonifanya niandike.

Kwanza tupekue mizigo tuliyotoka nayo nyumbani. Kiswahili hakihitaji makanga, huchomeka w moja tumboni mwa kitenzi: piga, pigwa, chukua, chukuliwa. Lubukusu, lugha ya kwetu, hufanya vivyo hivyo. Mtenda tunamtaja kwa "na", kifaa kwa "kwa": mti ulikatwa na fundi kwa panga. Kiingereza nacho hutenganisha, "by" kwa fundi na "with" kwa panga. Mwanafunzi akiandika kwamba mti "was cut by a panga", mwambie afikirie panga likitoka nyumbani usiku, peke yake, kuelekea shambani.

Mzigo mzito zaidi ni huu: "I was stolen my phone." Nimeusahihisha mara nyingi kuliko kosa jingine lolote, na kila mara namwonea mwandishi huruma, kwa sababu kwa Kiswahili amesema sawasawa kabisa. Niliibiwa simu. Lugha yetu humweka mbele yule aliyeumia, hata kama si yeye aliyechukuliwa. Kwa Kiingereza, "I was stolen" ni kusema ulibebwa wewe mzima mzima, na pengine simu ikabaki mezani. Sema "My phone was stolen", au "I was robbed". Lakini usikimbilie kuwaambia watoto kwamba Kiingereza hakiwezi kabisa kumtanguliza aliyeumia. Mwaka 2024, msimu wa kupanda, wakulima nchini waliuziwa mbolea ya ruzuku iliyobainika kuwa haifai, na bunge likaunda kamati kuchunguza. "Farmers were sold fake fertilizer" ni Kiingereza safi. "Sell" na "give" hukubali mtu akae mbele, "steal" hukataa. Huku Trans Nzoia, ambako mahindi ndiyo karo na ndiyo hospitali, hakuna darasa litakalousahau mfano huo.

Halafu kuna kuolewa. "My sister was married by a man from Kwanza," aliandika kijana mmoja akijivunia shemeji yake. Kwa Kiingereza, aliyemwoza ndiye hutajwa kwa "by", yaani pasta. Mume hupewa "to".

Na kuna neno ambalo sitamruhusu mtu alicheke: nilifiwa. Wanafunzi huandika "I was died my father", nami siweki alama nyekundu kabla ya kukaa nao chini. Kiingereza hakina njia ya kugeuza "die" ikamweka mfiwa kwenye kiti cha mbele kwa neno moja. Husema "I lost my father", kana kwamba umemwangusha njiani. Lugha yetu inajua kwamba kifo cha mtu mmoja humwangukia mwingine. Mfundishe mtoto Kiingereza sahihi, lakini mwambie pia kwamba hapo lugha yake ndiyo iliyo tajiri.

Usije ukatoka hapa ukidhani kutendwa ni dhambi. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alishauri tusiitumie kauli hii pale ambapo kutenda kunawezekana, naye akaitumia mara nyingi katika insha hiyo hiyo. Kuna mahali inafaa. "I was born" na "nilizaliwa" zote ni kutendwa, na hakuna anayehitaji kuuliza na nani. Mahindi yakishavunwa, majina ya wavunaji wote si lazima. Kitu kikiwa ndicho habari, kipe kiti cha mbele.

Sasa turudi kwenye matatu iliyoondoka bila ng'ombe.

Ukisimama Kachibora asubuhi isiyo na ukungu, unaiona milima ya Cherang'any. Upande wa pili wake, Elgeyo-Marakwet, uko msitu wa Embobut, makao ya Wasengwer. Januari 2014 nyumba zao zilichomwa moto, licha ya amri ya Mahakama Kuu ya Eldoret ya kuzuia wasifukuzwe. "Houses were burned." Maneno matatu, sarufi haina doa, na kiti cha nyuma ni kitupu. Moto haukuwasha kiberiti. Waliochoma walikuwa maafisa wa Shirika la Huduma za Misitu, wakiwa na polisi. Sentensi ndefu ya kuwataja ina ugumu gani? Ni maneno machache tu zaidi, na ndiyo yanayomwezesha mama aliyelala nje kujua ni mlango upi wa kubisha.

Wakubwa wa dunia wanaijua njia hii. Ronald Reagan, akizungumzia mauzo ya silaha kwa Iran mbele ya bunge la Marekani mwaka 1987, alisema "mistakes were made". Makosa yalitendwa. Na nani?

Kiswahili kina shimo la kina zaidi kuliko hilo, na ningependa kila mwalimu wa Kiingereza alifundishe pia. Ni ile -ika na -eka. Makosa yalifanyika. Pesa zimetumika. Kikombe kimevunjika. Kauli ya kutendwa, hata ikimficha mtenda, humwachia kiti chake. Unaweza kuongeza "na fulani" wakati wowote. Ukisema "kikombe kimevunjika", "na fulani" haina pa kuketi, kitu kimejifanyia chenyewe. Kila mtoto wa huku ameyasema hayo akiwa amesimama juu ya vigae, na kila mama amejibu: "Kimevunjika chenyewe?" Mama huyo ni mwanasarufi. Tungekuwa na wengi kama yeye kwenye mikutano ya basari na ya mbolea, faili zisingekuwa zinapotea tu.

Kwa hiyo zoezi langu ni hili. Mpe mwanafunzi tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi, la Kiingereza au la Kiswahili, pamoja na kalamu. Kila akikutana na "was", na w tumboni mwa kitenzi, na -ika, aandike pembeni: na nani? Kisha ajibu. Asipopata jibu kwenye tangazo, aende akaulize, kwa adabu, amsalimie mwenye ofisi kwanza. Aliyekwenda na kurudi na jina nampa alama zote, hata kama alikosea "by".

Kukhu hakurudia swali lake siku ile barazani. Alinyamaza tu, mikono juu ya mkongojo, na baraza zima likanyamaza naye. Mwenye ng'ombe aliigeuza kofia yake mkononi, akainuka tena.

"Na ng'ombe wangu, mama," akasema. "Yule mwekundu. Kamba ilikatika... hapana, sikumfunga."

Chifu akafungua daftari. Wakaanza kuhesabu gorogoro za mahindi.