Mmea Unaopenda Wavivu

Kinachoniudhi mtaani kwetu hapa Arusha ni watu wenye huruma. Nina rozmari moja kwenye kona ya ukuta, na kila anayeiona anaionea huruma.

Kwao rozmari ni kandokando ya bahari ya Mediterania, penye mawe na jua kali. Inataka jua kwa saa 6 au zaidi kila siku, udongo usiotuamisha maji, kisha iachwe. Mwambie hayo mama mkwe! Katoka Bukoba, na kwao mgomba usiotandazwa nyasi ni aibu ya ukoo. Basi alfajiri anaimwagia ndoo nzima, jioni analeta nyasi na samadi. Nikisema mizizi itaoza, ananitazama kama anayejiuliza binti yake anakula nini humu ndani.

Mabinti wa jirani nao wamesikia kwamba maji ya rozmari yanarefusha nywele. "Shikamoo anko, tunaomba kajani kidogo tu." Kajani gani kanabebwa kwa sufuria? Nywele zao ziko vilevile. Kipara kimeupata mmea.

Ila wachoma nyama wa Jumamosi ndio kiboko. Hawachumi ncha laini za kijani. Wanavunja tawi mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, ambapo pakikatwa ni nadra kuchipua tena. Eti wanataka brashi ya kumpaka mbuzi mafuta!

Sasa mnajua nani anasifiwa kwa bustani? Shemeji yangu, aliyekuja kutafuta kazi, na kazi ikamkimbia. Nilikata kitawi cha sentimita 15 hivi, nikapukutisha majani ya chini, nikakichomeka kwenye kopo la mchanga. Kilipotoa mizizi nikamkabidhi akitunze uani. Hakumwagilia mpaka udongo ukauke kabisa, kwa sababu alikuwa amelala. Hakutia samadi, kwa sababu alikuwa amelala. Hakuna aliyechuma ovyo, maana godoro lake liko mlangoni. Leo mmea unamfika kiunoni, umetoa maua ya buluu, nyuki hawabanduki.

Mama mkwe anatangaza kwa majirani kwamba mwanawe ana mkono wa baraka, nami nikae chini nifundishwe. Hela yake ya vocha imepandishwa bila mimi kuulizwa. Na jana shemeji kanijia na malalamiko: kazi imekuwa nyingi, anaomba godoro jipya.