Nina saa tatu, usiniulize saa ngapi

Jirani, leo usiniulize saa. Nakuomba. Uliza hali, uliza watoto, uliza hata lile deni la mwezi uliopita, nitajibu. Saa usiniulize. Nina saa tatu. Na nikisema saa tatu sisemi asubuhi wala usiku. Nasema saa zenyewe, za kuvaa mkononi, tatu kwa hesabu. Na nikitaka kujua ni saa ngapi, namuuliza mke wangu.

Ngoja nikae, miguu inauma. Unajua mimi nabeba boksi hapa Lancaster, Pennsylvania. Kule Tanga wanadhani nimekaa ofisini nazungushwa na kiti. Waache wadhani. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa dakika tano, mashine ya mlangoni inakuandika, na mashine haipewi soda ikalainika. Sasa mtu wa namna hiyo anataka saa gani? Ya plastiki, dola kumi, basi. Mimi nikaenda kununua saa za kukusanya. Kukusanya! Mtu ambaye hata soksi zake hazijatimia jozi.

Kosa ni la mji huu. Hapa ndipo kampuni ya Hamilton ilipozaliwa mwaka 1892, na saa zake zikawa zikiundwa hapahapa. Jengo la kiwanda bado lipo Columbia Avenue, siku hizi watu wanaishi humo. Mimi nimepita mbele yake miaka mitatu nikijua ni shule. Tena nilikuwa napunguza mwendo, nisigonge watoto.

Sasa Jumapili moja nikaenda kwenye gulio la vitu vya zamani. Nilifuata sufuria. Nakuapia, sufuria. Mezani kwa mzee mmoja wa Kizungu nikaona kitu. Saa, lakini si ya duara. Si ya mraba. Ya pembe tatu, upande mmoja umechongoka kama pezi la papa. Kama sambusa iliyokunjwa na mtu mwenye hasira. Nikasimama. Kusimama ndiko kulikoniponza.

Mzee akaanza. Hiyo ni Ventura, akasema. Ilitoka tarehe 3 Januari 1957, saa ya kwanza duniani ya mkononi kuuzwa ikiwa inaendeshwa kwa betri. Hutii ufunguo, huikumbuki, yenyewe inakwenda. Umbo lake lilichorwa na Richard Arbib, fundi wa kuchora magari, na enzi hizo magari ya Marekani yalikuwa na mapezi nyuma kama yanataka kupaa. Kila kitu kilitaka kupaa. Mwaka huohuo Warusi wakarusha Sputnik. Watu walijua kabisa kwamba kesho ni roketi, na mtu wa kesho hawezi kuvaa saa ya duara kama sahani ya babu. Halafu akanimaliza: Elvis aliivaa kwenye filamu ya Blue Hawaii, mwaka 1961.

Nikahesabu. 1961 ndio mwaka tuliopandisha bendera ya uhuru. Sisi tunapandisha bendera, Elvis yuko ufukweni na sambusa ya umeme mkononi. Na ukweli, Elvis ninayemjua mimi ni kinyozi wa Chumbageni. Lakini nilitikisa kichwa kama mtu aliyeliona jeneza lake. Nikatoa dola 300. Za sufuria na za wiki nzima. Sikupunguziwa hata senti, kwa sababu sikuomba. Nilisahau kuomba! Mtoto wa Tanga, nimelelewa sokoni, nikasahau kupatana bei.

Ghorofa ya chini kwetu anaishi Mzee mmoja wa Bukavu. Zamani kule kwao alikuwa fundi saa. Nikampelekea, kifua mbele. Akachomeka kilenzi jichoni. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Ndipo akaniambia kwa upole, kama daktari anayetoa majibu mabaya:

“Ndugu yangu, hii saa haiko ya zamani. Iko ya juzi.”

“Mzee, ya 1957 hiyo. Elvis.”

“Soma hapa chini.”

Nikasoma. Herufi ndogo kama mayai ya chawa: Swiss Made. Jirani, mimi nilikuwa nimeyaona maneno hayo. Nilidhani ni sifa! Kama daladala inavyoandikwa Mungu ni Mwema. Kumbe Hamilton waliacha kuunda saa hapa Lancaster mwaka 1969, jina likaishia mikononi mwa Waswisi, na Waswisi baadaye wakaifufua ile pembe tatu, ndani wakatia mashine ya kisasa. Kwa hiyo mimi nimenunua saa ya Lancaster, nikiwa Lancaster, iliyotoka Uswisi. Nimeingizwa mjini nikiwa tayari niko mjini.

Mke wangu, Mama Chausiku, akauliza swali moja tu: “Inatembea?” Nikasema inatembea. “Basi lete.” Akaivaa. Tangu siku hiyo haijapoteza hata dakika. Yeye hachelewi popote. Mimi ndiye mkusanyaji, yeye ndiye mwenye saa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisema siwezi kushindwa na sambusa. Nikatafuta ya kweli. Nikapata Pacer, ndugu yake Ventura, naye wa 1957, kapewa ubavu mmoja mrefu na mwingine mfupi kama mtu anayesikiliza umbea dirishani. Mwili wa rangi ya fedha, mabawa ya dhahabu. Dhahabu ya kupakwa, lakini nani atakwaruza? Safari hii nilisoma maandishi yote. Nilimsomesha mpaka Chausiku, ana miaka tisa, macho yake mazima. Hakuna Uswisi. Ya kweli kabisa.

Ila ilikuwa haitembei. Hilo sikuliuliza.

Mzee wa Bukavu akaifungua, uso ukamwangaza. Akanionyesha. Ndani kuna kigurudumu kinachoyumba kwenda na kurudi, kimebeba koili ya waya, na pembeni kuna sumaku. Kila kikiyumba, koili inapata umeme kidogo kupitia vinyaya viwili vyembamba kama unywele wa kichanga. Vinagusa, vinaachia. Vinagusa, vinaachia. Siku nzima, mwaka mzima. Na kila mguso una cheche yake ya moto, kwa hiyo vinalika. Mzee akasema enzi hizo kampuni nyingine nazo zilikuwa mbioni kutoa saa ya umeme, Elgin wa Marekani na Lip wa Ufaransa, kwa hiyo Hamilton waliharakisha. Mashine ya kwanza iliitwa 500. Mwaka 1961 wakaleta 505, isiyo na vinyaya vile.

“Yako iko 500,” akasema. “Usiiguse. Nitatafuta kibano.”

Usiiguse. Neno moja. Lina ugumu gani?

Usiku nikakaa mezani na sindano ya kushonea ya Mama Chausiku. Nilitaka kukisogeza tu kale kanyaya. Kidogo tu. Nikainama, pua karibu na mashine, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Nikakasogeza. Kakasogea. Nikafurahi. Nikapiga chafya.

Jirani, mpaka leo hatujui kanyaya kalikwenda wapi. Tumefagia. Tumeangalia kwenye chai. Mzee akasema pengine nimekavuta ndani. Kwa hiyo inawezekana mimi mwenyewe sasa ni Hamilton Electric, na hakuna anayeninunua. Ile Pacer imesimama saa kumi na moja kasorobo, sijui ya alfajiri au ya jioni, sijui ya mwaka gani.

Sasa ya tatu. Najua unacheka. Cheka, ila nimalizie.

Ya tatu inaitwa Accutron, ya Bulova, ilitoka mwaka 1960. Hii haina kigurudumu cha kuyumba wala kinyaya cha kulika. Ndani ina kiuma. Uma, kama ule wa kulia chakula, ila una meno mawili tu. Umeme unautikisa mara 360 kwa sekunde moja. Kila ukitikisika unasukuma gurudumu lenye meno 300, na hilo gurudumu zima halifiki nusu punje ya mchele. Nani alikaa akachonga meno hayo? Mimi mswaki wenyewe naushika vibaya. Wenyewe waliahidi haitapotea zaidi ya dakika moja kwa mwezi, wakati saa za ufunguo zilikuwa zinapotea dakika hiyo wiki haijaisha.

Yangu ni ile iitwayo Spaceview. Haina uso. Ukitazama unaona utumbo wote, koili mbili na kile kiuma. Mwanzo zilikuwa za maonyesho madukani, ili mteja aone maajabu ya ndani. Wateja wakasema tunataka hiyohiyo ya utumbo nje. Wakauziwa. Mimi niliivaa kazini siku ya kwanza, mwenzangu akaniangalia mkono kwa huruma akasema pole, saa yako imedondoka uso. Wa pili akanipa pole. Wa tatu akasema anaye mjomba anayerekebisha.

Na haipigi tiki tiki. Inavuma. Mmmmmmm. Kutwa kucha. Ukiivaa husikii sana. Lakini usiku niliilaza juu ya meza ya mbao pembeni ya kitanda, na mbao ikawa kama ngoma. Ilikuwa Novemba, nje barafu. Mama Chausiku akafumbua macho gizani.

“Baba Chausiku. Mbu.”

Nilitakiwa kusema hapo. Sekunde ile. Lakini nilikuwa bado sijamwambia bei. Nikasema, “Eh, hata mimi namsikia.”

Akawasha taa. Akashika kandambili. “Mbu Novemba! Huyu katoka Tanga na begi lake.” Akaanza kuwinda. Nami nikaamka. Nikawinda. Mwanamume mzima, saa nane za usiku, nimevaa shuka, napiga makofi hewani kumtafuta mbu ambaye risiti yake iko mfukoni mwangu. Akapiga ukuta. Akapiga pazia. Taa ya mezani ikaenda. Chausiku akaja mlangoni, akasikiliza kidogo, akanyoosha kidole: “Baba, si ile saa yako mpya?”

Mtoto mwenye macho mazima si baraka kila siku.

Tangu usiku ule Accutron inalala ndani ya soksi, soksi ndani ya droo. Na haikuishia hapo. Betri ikaisha. Zamani ilitumia betri za zebaki, volti 1.35, na hizo Marekani haziuzwi tena. Mzee wa Bukavu akasema subiri, kuna za mbadala. Mimi kusubiri? Nikachukua ya dukani, volti 1.55. Nani ananyimwa usingizi na nukta mbili za volti? Kumbe kiuma kilipata nguvu za mwendawazimu, kikawa kinaruka jino na kusukuma mawili mawili. Saa ikakimbia. Kesho yake nikaitazama, nimechelewa! Nikatoka mbio bila chai. Nikafika ghalani, kiza totoro, lango limefungwa. Mlinzi akanimulika tochi. “Unasubiri nini?” Nasubiri kazi. Akamulika mkono wangu. Akaona saa haina uso. Akazima tochi taratibu, akarudi kibandani. Nikakaa kwenye gari mpaka meno yakagongana mara 360 kwa sekunde.

Walioziunda hizi saa walikuwa wanaichora kesho. Kesho yao ndiyo leo yangu mimi, jirani, na ndani yake nimo nabeba boksi. Na bado natamani moja. Pulsar, ya Hamilton haohao, 1972. Haina mshale hata mmoja. Kioo cheusi, ukibonyeza kitufe namba nyekundu zinawaka, ukiachia zinazimika. Ilipotoka ilikuwa dola 2,100. Saa ya mikono miwili: mmoja wa kuvaa, mmoja wa kubonyeza. Mimi yangu yote miwili ina boksi. Lakini natamani.

Sasa juzi usiku simu ikalia. Mama, Tanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuamsha? Huko saa ngapi saa hizi?”

Swali la kawaida. Nikaichukua Pacer: saa kumi na moja kasorobo, kama kawaida yake. Nikafungua droo, nikatoa soksi, nikatoa Accutron kwenye soksi: inavuma, inakimbia, imefika saa ambayo dunia yenyewe bado haijafika. Ventura iko mkononi mwa Mama Chausiku, mkono uko chini ya mto, na baada ya habari ya mbu simwamshi yule mtu. Simu nayo ina saa, lakini simu nilikuwa nimeiweka sikioni.

“Mama, subiri kidogo, naangalia.”

Akasubiri. Nikahangaika na soksi. Akasubiri tena. Halafu akaniuliza taratibu, kwa ile sauti ya kumuuliza mtoto kama amekojoa:

“Mwanangu, nje kuna giza au kuna mwanga?”

Nikafungua pazia.

“Kuna giza, mama.”

“Haya, basi lala.”